Stoo Inapofungwa

Mabadiliko ya programu yalitokea kwenye skrini ya Jerop mchana, chini ya jina la Kigen. Mambo mawili hayakuwa sawa. Stoo ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Na Kigen alikuwa amezikwa.

Stoo ndilo jina ambalo ofisi hiyo ya ghorofani, mtaani Pioneer, iliipa tovuti ya ng'ambo ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao. Ikianguka, huwezi kuweka ulichoandika wala kuchukua alichoandika mwenzako. Siku kama hizo Warigia hutoa uzi wake na kufuma. Nicholas, mwenye ofisi, huwapigia wateja simu na kuwaambia ni mvua. Kazi za haraka hupitishwa kwa flashi, mkono kwa mkono, kama majirani wanaoombana chumvi.

Jerop alikuwa na jukumu jingine. Yeye ndiye aliyeingia Stooni kama Kigen.

Programu ya vituo vya kupokea maziwa, ambayo ofisi nzima iliishi kwayo, ilikuwa imeandikwa na Kigen na kuwekwa Stooni kwa jina lake. Lori lilipomgonga na kumuua huko Cheptiret, Nicholas hakuwaarifu wenye tovuti. Wangeuliza mrithi ni nani, na mrithi alikuwa mama yake Kigen; programu ingekuwa yake. Badala yake alimpa Jerop paswadi. Tangu hapo swali la Nicholas la kila asubuhi lilikuwa moja.

"Kigen ameingia?"

"Ameingia," Jerop alikuwa akijibu.

Nyanya yake huko Kesses asingekubali. Kwao, jina la marehemu huitwa kwa sababu maalumu tu, mtoto anapozaliwa, na anayeitwa huja. Jerop aliijua mila hiyo. Alifikiri haihusu kompyuta.

"Nani ameguza hii kitu?" aliuliza.

Warigia alisogeza kiti. "Si ni wewe? Imeandikwa Kigen."

"Sijaguza. Na Stoo imefungwa, Warigia."

"Basi ni jini."

Nicholas alicheka akiwa mlangoni. "Majini ni ya Mombasa. Huku kwetu tuko na baridi tu. Hiyo kazi inafanya?"

Jerop aliijaribu. Ilifanya vizuri kuliko yake.

"Basi shukuru Mungu, uendelee."

Stoo ilipofungwa tena, ilikuja harufu. Mkaa wa kibuyu na maziwa yaliyolala. Kigen alikuwa akibeba mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, kazini kwenye chupa ya soda. Kisha kikasikika kicharazio kwenye meza yake, ambayo sasa ilikuwa na maboksi tu: vidole vikienda mbio, vikisita, kisha gumba likigonga mara mbili, kama alivyogonga yeye akifikiri. Warigia aliacha kufuma.

"Mlimjengea nyumba huko ndani," alimwambia Nicholas kwa sauti ya chini. "Nyumba ikifungwa, mlitaka alale wapi?"

Hakulala kwenye meza. Jerop alianza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, kama Kigen. Aliomba mursik, yeye ambaye hapo awali hata harufu yake ilimtoa chumbani. Dada yake alipokuja kumchukua, alimwita mara tatu toka mlangoni, naye akaendelea kuandika, gumba likigonga. Stoo ikifunguka alikuwa akirudi kuwa Jerop, lakini kila mara alichelewa zaidi, na kila mara alirudi akiwa amesahau kitu: njia ya kwenda kwao, jina la dada yake.

"Funga hiyo akaunti," Warigia alisema. "Huyu msichana anaisha tukiona."

Lakini Stoo ikiwa imefungwa, ukurasa wa kufunga akaunti nao haukufunguka. Na Stoo ikiwa wazi, Jerop alikuwa mzima, anacheka, na Nicholas alisema, "Si ameshaenda? Wacha tumalize ya mwezi huu." Ilikuwa kama paa linalovuja: mvua ikinyesha huwezi kupanda, jua likiwaka huoni haja.

Pasta aliletwa. Alipaka rauta ya intaneti mafuta, akakemea, akaenda zake. Mwishowe Warigia alikwenda Cheptiret kumtafuta Mama Kigen, akamweleza yote, hata ya mrithi.

"Nilimzaa mimi," mama alisema. "Nikimwambia aende, ataenda."

Stoo ilianguka alasiri moja mvua ya mawe ikipiga mabati. Mama alikuwa ameshafika, amekaa kuielekea meza yenye maboksi, shali mabegani, mikono mapajani, na harufu ilipoingia alifumba macho, na vidole vilipoanza kucharaza alifungua kinywa kusema maneno aliyoyabeba kutoka nyumbani, ila sauti ikamtangulia, sauti ya kiume, ya upole, yenye mafua kidogo, ambayo haikutoka kwenye meza wala kwenye maboksi bali nyuma yake, alipoketi Jerop akiwa ameinamisha kichwa, mkono wa kushoto juu ya vitufe.

"Mama. Yule ng'ombe alizaa?"

Mama aligeuka. Hakuna aliyewahi kumtajia Jerop habari za ng'ombe.

"Sema sasa, Mama," Warigia alinong'ona. "Mwambie aende."

"Sema, Mama," Nicholas naye akasema.

Mama aliinuka. Akaenda kusimama mbele ya Jerop.

"Alizaa," alisema. "Ndama jike. Hana shida."

Akavua shali na kumfunika nayo Jerop mabegani. "Umekonda. Twende nyumbani."

"Mama, huyu si yeye! Huyu ni Jerop. Ako na mama yake Kesses!" Warigia alisema.

"Huyo mama ako na watoto wengine?"

"Ako na... wako wanne."

"Mimi nilikuwa na huyu tu."

Warigia alimshika Jerop mkono. Jerop alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni, akauondoa ule mkono taratibu, akamfuata mama kwenye ngazi.

Mvua ilikatika. Nyuma ya Warigia kompyuta zililia moja baada ya nyingine, na Nicholas akaruka kwenye kiti cha Jerop.

"Imefunguka! Warigia, unakumbuka paswadi ya Kigen? Mimi nimeisahau. Mteja anangoja."

Warigia alikuwa dirishani. Stoo ilikuwa wazi, na aliyekuwa chini barabarani alipaswa kuwa ameshakuwa Jerop. Alimwita kwa jina lake, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, hata waendesha bodaboda wakainua vichwa. Aliyevaa shali hakugeuka. Mama ndiye aliyegeuka, akaweka kidole midomoni, kama mtu ambaye mtoto wake ndiyo kwanza amelala.