Chumba cha Bonge

Kaeni karibu. Mikono wekeni magotini. Hadithi hii ni ya mkono usiotulia.

Muhonja ana miaka sita. Anaishi karibu na msitu wa Kakamega na bibi yake, anayemwita Kukhu, na Mjomba Lihanda.

Kuna watu hufuga kuku. Kuna watu hufuga paka. Mjomba Lihanda hufuga mbawakawa, ndani ya ndoo kumi na moja, chini ya dirisha.

Kila ndoo imejaa samadi.

"Ng'ombe mwenyewe analala nje," Kukhu husema, "lakini mavi yake yamepewa chumba!"

"Ni sayansi, Mama," Mjomba hujibu.

"Sayansi inanuka."

Ndoo ya bluu ni ya Muhonja. Ndani yake anaishi Bonge.

Bonge ni buu, mtoto wa mbawakawa. Ni mnene. Ni mweupe. Amejikunja kama korosho kubwa.

Bonge hula samadi asubuhi, mchana na jioni. Muhonja huweka sikio kwenye ndoo na kumsikiliza.

Nyam-nyam. Kwaru-kwaru.

Siku moja Muhonja aliweka sikio. Kimya.

"Mjomba, Bonge hali!"

"Ameshiba. Amejijengea chumba humo ndani ya samadi. Atalala akiwa buu, aamke akiwa mbawakawa mwenye pembe."

"Kesho?"

"Si kesho."

"Kesho kutwa?"

"Muhonja, usimchimbue. Chumba kikivunjika, mabawa yake yatatoka yamepinda. Hataruka kamwe."

Muhonja aliutazama mkono wake. Akauimbia:

*Tulia, mkono, tulia.*
*Bonge amelala.*

Jumatatu mkono ulitulia.

Jumanne ulitulia. Kidogo.

Jumatano mkono ulichukua kijiko.

"Naangalia tu," Muhonja alinong'ona. "Labda anaumwa."

Chimba, chimba. Kwachu, kwachu.

Pruk!

Chumba kikavunjika.

Ndani alikuwamo Bonge, lakini hakuwa buu tena. Alikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa na pembe. Miguu aliikunja kifuani. Hakusogea.

"Bonge?"

Kimya.

"Bonge, ni mimi."

Kimya.

Muhonja angeweza kufunika ndoo na kunyamaza. Nani angejua?

Bonge angejua.

"Mjombaaa!"

Kukhu ndiye aliyefika kwanza.

"Wewe! Hata uji huwezi kuungoja upoe, kila siku unaungua ulimi! Kiherehere hicho umekitoa wapi?"

"Kwako, Mama," alisema Mjomba Lihanda, akiingia.

Muhonja alikuwa analia. "Sori, Bonge. Sori sana."

Mjomba akachuchumaa. "Tukimfukia tu, samadi itamlalia. Anahitaji chumba kingine. Sasa hivi."

Akaleta mkebe. Akaujaza udongo wenye unyevu. Kisha akainua kidole gumba chake. Kinene kama gunzi!

"Changu hakifai kubonyeza chumba," alisema.

Kukhu akainua chake. "Changu kimeshika jembe miaka hamsini. Kitamkwaruza."

Wote wakakitazama kidole gumba cha Muhonja. Kidogo. Laini.

Muhonja akafuta machozi. Akabonyeza udongo.

Bonya, bonya. Bonya, bonya.

"Ondoa hiyo kokoto," alisema Mjomba. "Itamchoma."

Muhonja akaitoa.

Bonya, bonya. Bonya, bonya.

Mkono uliovunja chumba ndio uliojenga kingine.

Muhonja akamwinua Bonge kwa kijiko, polepole. Akamlaza chumbani.

Fyuku! Bonge akatikisa kiuno. Fyuku, fyuku!

"Yuko hai!"

"Yuko hai, na amekasirika," alisema Kukhu. "Hata wewe nikikufunua shuka unapiga mateke."

"Na mabawa yake, Mjomba?"

"Bado hatujui. Tungoje."

Mjomba akafunika mkebe.

*Tulia, mkono, tulia.*
*Bonge amelala.*

Wiki ya kwanza Muhonja aliukalia mkono wake.

Wiki ya pili aliuficha mfukoni.

Wiki ya tatu mkono ukanyemelea mkebe. Ukashika kifuniko.

Lo! Haukuwa mkono wa Muhonja.

"Kukhu!"

"Nafuta vumbi tu," alisema Kukhu.

"Vumbi liko juu, Kukhu. Wewe unafungua ndani!"

Ikabidi Kukhu aimbiwe naye:

*Tulia, mkono, tulia.*
*Bonge amelala.*

Jioni moja walikuwa wanakunywa chai.

Kwaru.

Vikombe vikasimama hewani.

Kwaru-kwaru!

Mjomba akafungua kifuniko. Bonge alikuwa amesimama kwa miguu sita. Mweusi, anang'aa, pembe juu!

"Mulembe, Bonge," Kukhu alimsalimu. Hata sauti yake ilikuwa ndogo.

Muhonja alifunika macho. "Mjomba, tazama mabawa. Mimi siwezi."

Mjomba akainama. "La kushoto limenyooka."

"Na la kulia?"

Mjomba akatafuta miwani. Akaifuta. Akaivaa.

"Sema basi, wewe!" Kukhu alifoka.

"La kulia..."

"Ndiyo?"

"Limenyooka!"

Muhonja akaruka. Kukhu akacheza, akitikisa mabega. Chai ikamwagika, na hakuna aliyegombezwa.

Bonge alipumzika siku nyingi mpaka mwili wake ukakauka vizuri.

Halafu, jioni moja, Muhonja akiwa tayari kitandani, Bonge alifungua mgongo.

Zrrrrrr!

Akaruka juu ya meza. Zrrrrrr! Akaizunguka taa. Zrrrrrr! Akatua kwenye kitambaa cha Kukhu.

"Nitoleeni huyu kifaru kichwani!" Kukhu alipiga kelele. "Na mwambieni ni saa ya kulala!"

"Mwache kidogo, Kukhu," alisema Muhonja, akipiga miayo. "Ana mabawa mapya. Hata mimi nikinunuliwa viatu vipya silali."

Bonge akaruka tena. Zrrrrrr. Zrrrrr. Zrrr.

Muhonja alitaka kumtazama mpaka mwisho.

Lakini aliyelala kwanza alikuwa yeye.