Jina la Asiyezikwa

Mtoto alinyamaza haraka mno. Hapo ndipo Dorkas alipopaswa kushtuka, lakini jamani, mama aliyekesha na kilio wiki nzima atauliza kimya kimetoka wapi?

Alikaa Musoma, nyuma ya kiwanda cha minofu ya sangara, karibu na pale Mto Mara unapomwaga maji ziwani. Zamani mji ule ulinguruma kwa viwanda. Siku hizi vingi vimefungwa, mabati yameliwa na kutu, na hiki kimoja ndicho kinacholisha mtaa mzima, hivyo hata uvundo wake watu wameuzoea. Mumewe, Mugeta, yuko machimboni Buhemba. Mama mkwe wake, Ghati, ndiye aliyekuja kutoka Butiama kumtafutia mjukuu jina.

Kwao jina hutafutwa hivi: mtoto akilia na kukataa titi, huitiwa marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Atakayeitwa mtoto akanyonya, huyo ndiye amekubali. Ghati aliita wa upande wa baba, akaita wa upande wa mama, wakaisha. Mtoto analia tu. Utosi ulikuwa umedidimia. Hospitali walimpima, wakasema hawaoni ugonjwa.

Ghati alipotoka kuteka maji, Dorkas, akili imeshamruka, akamnong'oneza mtoto jina la kaka yake mwenyewe.

"Burito."

Mtoto akashika titi.

"Amekubali nani?" Ghati aliuliza mlangoni, uso wote tabasamu.

"Burito, mama."

Ndoo ikamponyoka. "Burito gani? Yule ndugu yako aliyezama akizibua bomba la kiwanda la kuvuta maji mtoni?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, umetuua! Asiyepatikana sisi hatumwitagi! Yuko huko majini, hana pa kulala, na wewe umemkaribisha ndani ya mtoto!"

"Alikuwa anakufa, mama. Ningefanyaje?"

Burito alizama miezi kadhaa nyuma, akavutwa na mto, mwili haukuonekana, na bila mwili hapakuwa na msiba. Dorkas hakuwahi hata kumlilia. Kumlilia kungekuwa kukubali kwamba amekufa.

Tangu hapo mtoto hakulia tena. Alinyonya, akanyonya, akawa mzito kama gunia lililolowa, na mwili wake ukawa baridi, na kila Dorkas alipomwinua alikuta godoro chapachapa, si kwa mkojo bali kwa maji ya mto yenye tope na harufu ya grisi, na ukitega sikio kwenye kile kifua kidogo ulisikia mvumo wa maji yanayovutwa na bomba, na king'ora cha kiwanda kilipolia mchana kuwaita watu wa zamu, mtoto yule ambaye hata shingo haijakaza aligeuza kichwa, akautazama mlango kama mtu aliyechelewa kazini.

Wakamwita Recho, mganga wa Nyasura, kule Bunda. Akamnusa mtoto utosini, akarudi nyuma.

"Mwanao bado yumo," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini wamo wawili, na mkubwa anamsukuma mdogo nje. Tutamzika Burito. Shina la mgomba litakuwa mwili wake. Mtoto tutamlaza juu yake shimoni, wewe utamwita kwa jina lake la kanisani, Faustine, na utamnyanyua. Utakayemwita ndiye utakayetoka naye. Na usilie, mama. Chonde, usilie."

"Nitaweza," Dorkas alisema, na masikini, aliamini.

Alasiri ile wakachimba ukingoni mwa mto. Ghati alilivika shina ovaroli ya Burito, akafunga vifungo mpaka juu, taratibu, kama anayemvalisha mtu. Dorkas akatazama ile mikono tupu ya ovaroli ikilazwa kifuani. Shina likashushwa shimoni, mtoto akalazwa juu yake. Kitu alichokimeza miezi yote kikamtoka kwa sauti yote wakati ule ule anainama kumchukua mtoto: "Uwii, kaka yangu! Burito wangu, wamekulaza peke yako!"

Recho alimziba mdomo. "Sema Faustine! Sema!"

"Faustine!" Dorkas alipiga kelele. "Faustine!"

Mtoto alikuwa tayari mikononi mwake. Akashika titi, akatulia. Wakafukia haraka haraka, Ghati akitaja watakatifu wote anaowajua.

Ndipo chini ya udongo kikasikika kilio. Kidogo, kikavu, cha mtoto anayekataa kunyonya. Dorkas alikijua kilio kile kuliko sauti yake mwenyewe, akapiga magoti akaanza kufukua kwa kucha huku akiita Faustine, Faustine, na Ghati akafukua, na Recho akafukua, lakini kila walipotoa udongo maji ya mto yalijaa shimoni, na kilio kikazidi kushuka, kikashuka mpaka wakabaki kukihisi tu viganjani, na huyu aliye kifuani hakuacha kunyonya, wala hakuachia blauzi yake aliyoikamata kwa mikono miwili.