Sura ya Meja Ndambuki

Soko la mitumba la Machakos lilikuwa limefurika watu Jumamosi hiyo, na mikono ya watu wawili ilishika koti moja la jeshi.

"Si uniachie, madam," alisema Kyalo, kijana mrefu mwenye miwani. "Natengeneza gemu ya simu. Nataka kuona vile wanajeshi wa zamani walikuwa wakivaa."

Nzisa alicheka. Gauni lake la manjano liling'aa katikati ya vumbi. "Basi uje umwone babu yangu. Alikuwa meja."

Kyalo akamwachia koti, akabaki na namba yake ya simu.

Wakapendana. Kyalo alimwita mwendwa, yaani mpenzi kwa Kikamba, naye Nzisa akamwita Miwani. Siku moja akampeleka kwao Kathiani. Meja Ndambuki, mzee sana aliyepigana kaskazini baada ya uhuru, alikubali kupigwa picha barazani.

"Unitoe vizuri," alisema, akinyoosha mgongo.

Gemu ilipotoka, Nzisa aliifungua kwa hamu. Adui mkuu alikuwa babu yake: uso wake, jina lake, hata kuchechemea kwake. Alikuwa akichoma vijiji huku akicheka.

Alimpigia Kyalo simu. "Umemfanya nini babu yangu?"

"Ilikuwa sapraizi, mwendwa. Kwenye gemu, adui ndiye kila mtu anamkumbuka. Nilitaka asisahaulike."

"Hakuwahi kuchoma nyumba ya mtu! Risasi ilimpata mguuni akirudi kubeba majeruhi!"

"Nzisa, ni gemu tu..."

"Na yeye ni babu yangu tu." Akakata simu.

Siku hiyo hiyo Kyalo aliufuta uso ule, lakini alikuwa amechelewa. Gemu ilikuwa imeshatumwa simu hadi simu, ikafika Kathiani. Vijana wakaanza kumpigia mzee saluti za kejeli, wakichechemea nyuma yake akienda kanisani. Aliuliza nyumbani kuna nini. Hakuna aliyemweleza. Akaacha kutoka nje, akaacha kula vizuri, na baridi ya Julai ikamwingia mapafuni.

Kyalo alifika kwenye mazishi ya mzee akiwa na suti nyeusi, akashika sepetu pamoja na wajomba. Nzisa alimwita kando, penye mahindi yaliyokauka.

"Nisamehe," Kyalo alisema. "Nilitaka kukuoa. Bado nataka."

Nzisa aliushika mkono wake uliojaa udongo.

"Nimekusamehe, Miwani. Na bado nakupenda, hiyo siwezi kukuficha. Lakini babu aliniuliza amemkosea nani, mara nyingi, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nakulinda wewe. Amekufa bila kujibiwa. Nikiolewa na wewe, nitakuwa nimenyamaza maisha yangu yote."

Kyalo aliutoa mkono wake taratibu. Alirudi kaburini, akafukia na wenzake mpaka mwisho, kisha akashuka mteremko peke yake kuelekea barabarani. Nzisa alimtazama mpaka alipokata kona. Ndipo akalia.