Kisanadi na Kinywa cha Kwanza

Mashine iitwayo Kisanadi ilimaliza ubishi wa miaka mia sita kwa dakika kumi na moja, na wanahistoria waliojaa ukumbini Tanga asubuhi ile wakabaki midomo wazi. Ukutani ulisimama mti wa mwanga. Kila jani lilikuwa andiko linalomtaja Richard wa Tatu, mfalme wa Uingereza ya kale, yule anayesemwa mpaka leo kwamba aliwaua wana wawili wa kaka yake ili akalie kiti. Mashine ilishika jani moja moja na kuuliza swali lake lile lile: nani kakwambia? Huyu kasoma kwa yule, yule kasikia kwa fulani, fulani naye kasikia tu. Matawi yakasinyaa, yakarudi kwenye mashina machache, na kila shina lilikuwa mtu ambaye hakuwepo siku ya tukio. Wengi wao waliandika kiti kikiwa kimeshakaliwa na aliyemshinda vitani.

"Basi kasafishwa!" alisema mzee mmoja wa mstari wa mbele.

"Hajasafishwa, mzee wangu," alijibu Dk. Mwanakombo Mwinyihamisi, aliyekiunda. "Kisanadi hakijui nani kaua. Kinajua nani kaona na nani kasikia. Na hapa hakuna aliyeona."

Wazo lenyewe alilitoa madrasa, alikofundishwa utotoni kwamba neno halipokelewi mpaka lionyeshe sanadi, yaani mlolongo wa waliolipokezana. Watu wakapiga makofi. Walidhani ana uchungu na mfalme. Uchungu na mfalme, jamani! Mtu wa Tanga, mwaka 2131, ana udugu gani na Mzungu aliyefia vitani, mifupa yake ikaja kufukuliwa chini ya maegesho ya magari? Mwanakombo alikuwa anaijaribu mashine tu. Mwenye kesi alikuwa baba yake.

Miaka thelathini na minne nyuma, Mzee Mwinyihamisi alikuwa akiwalea Sefu na Bakari, watoto wa marehemu kaka yake. Asubuhi moja ya Jumamosi wakatoweka. Hawakuonekana tena, si wao wala miili yao. Mahakama ilimwachia kwa kukosa ushahidi, lakini mtaa haukumwachia. Ilisemwa kawaua apate nyumba ya kaka yake. Akitoa salamu, watu wanatazama pembeni. Akiingia msikitini, safu inasogea. Watu bwana, wakikuamulia wamekuamulia.

Sasa alikuwa hospitali, mapafu yamechoka, roboti muuguzi akimgeuza kila saa. Alitaka jambo moja tu, azikwe kando ya kaka yake. Mwenye kauli juu ya eneo lile alikuwa Bi Siwema, mjane wa kaka huyo, mama wa wale watoto, na yeye alishasema: "Muuaji wa wanangu hatalala na baba yao."

Ndiyo maana mchana ule, makofi yalipokwisha, Mwanakombo alijifungia maabara akakilisha Kisanadi maelezo ya polisi, ujumbe wa simu, na sauti zilizonaswa na vifaa vya milangoni vya enzi zile. Walikuwa mashahidi arobaini na mmoja. Mti ukaota, ukasinyaa, likabaki shina moja. Likasema kwa sauti nyembamba ya mtoto:

"Baba kawachukua. Mie kaniacha."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya miaka sita.

Nani kakwambia? iliuliza mashine, kisha ikajijibu kwa kumbukumbu za bangili ya afya aliyokuwa akivaa: mtoto huyu alikuwa na homa, alilala mpaka adhuhuri. Hakuona kitu. Hapo ndipo alipokumbuka. Aliamka akakuta ndara za kina Sefu hazipo mlangoni. Baba alikuwa na kawaida ya kuwapeleka mpirani, basi mtoto akanuna akidhani ameachwa. Mama mkubwa, yaani Bi Siwema, alipokuja kuwaulizia, yeye akajibu kama mtu aliyeona. Mwanakombo alilia mpaka kwikwi ikamshika.

Jioni alikwenda hospitali.

"Baba, nimekipata kinywa cha kwanza."

"Kiache, Mwana."

"Ni mimi, baba."

Mzee alifumba macho. "Hilo nalijua tangu siku ile ile. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikakusikia."

"Sasa kwa nini hukusema? Miaka yote hii!"

"Niseme nini? Kwamba mwanangu wa miaka sita mwongo? Wangekugeukia wewe, na wewe ulikuwa huna hata meno ya mbele. Mie mtu mzima, mgongo ninao." Akavuta pumzi kwa taabu. "Usiipeleke hiyo. Nizikeni popote. Niahidi."

Mwanakombo aliushika mkono wake, asiahidi kitu. Mzee alifariki alfajiri.

Maiti ilisubiri kuzikwa siku hiyo hiyo, hapakuwa na muda wa kuomboleza. Saa tatu asubuhi alikuwa sebuleni kwa Bi Siwema, mti wa mwanga umesimama ukutani. Bi Siwema aliisikiliza ile sauti mara mbili. Kisha akawaambia wanaume waliokuwa wakingoja barazani:

"Mchimbieni kando ya mume wangu."

"Nisamehe, mama mkubwa," alisema Mwanakombo. "Nimemuua baba yangu taratibu, miaka thelathini na minne."

Bi Siwema hakumfokea. Laiti angemfokea!

"Ulikuwa mtoto, sina la kukulaumu. Lakini iulize hiyo mashine yako. Kama si yeye, wanangu wako wapi?"

Mwanakombo aliuliza, maana angekataaje? Kisanadi kilipekua kila kitu kilichowahi kunaswa mjini siku ile, kikarudi na jibu: hakuna aliyeona.

"Nilikuwa na mtu wa kumwapiza," alisema Bi Siwema polepole. "Nikishamwapiza, nalala. Leo nimwapize nani?"

Akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akashika mwimo. Na pale pale, mbele ya wanaume wote, bibi huyu wa miaka sabini akaanza kuita, "Sefu! Bakari!" kama mama aliyegundua sasa hivi kwamba watoto hawamo ndani.