Majina Mawili ya Babu Hilario

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwa Babu Hilario, mtaa wa pili kutoka kwetu, nikamsomea barua zake. Babu alikuwa amechuma stroberi kwenye mashamba ya California miaka thelathini, lakini Kiingereza chake kilikuwa "asante" na "bosi" tu. Basi fomu za familia nzima nilizijaza mimi, Maricruz, mwenye miaka kumi na miwili. Na nilijiona mjuzi kwelikweli!

Jumanne moja nilikuta mlango wa Babu uko wazi na maharagwe yanaungua jikoni. Jirani yake, Doña Chayo, alinijia mbio.

"Maricruz, mwanangu! Babu yako ameanguka, anahema kwa shida. Gari la wagonjwa limemchukua sasa hivi. Mwite mama yako!"

Baba alikuwa shambani, simu yake haipatikani. Mama alitoka kiwandani na kofia ya kazi kichwani, tukakimbilia hospitali. Pale mapokezi alikaa kijana mwenye miwani, mbele ya kompyuta.

"Tunamtafuta Hilario Olvera," nilimwambia.

Akabonyeza, akatikisa kichwa. "Kuna faili la Olvera la miaka mitatu iliyopita. Leo hajaletwa."

"Ameletwa! Jirani ameona kwa macho yake."

"Mama yako ndiye binti yake?" Akaangalia kitambulisho cha Mama. "Hapa pameandikwa Villaseñor."

Nilimtafsiria Mama, naye akapandisha sauti. "Mwambie mimi ni mkwe wake! Kwani nikiolewa nilitupe jina la baba yangu? Kwetu kila mtu hubaki na majina yake. Na mwambie mzee asipewe penisilini! Mwaka ule walimpa, koo likavimba, nusura tumzike!"

Nikasema yote hayo. Kijana alitutazama kwa huruma. "Hiyo ya penisilini naiona kwenye faili lake. Lakini nikamwambie daktari gani, dada, ikiwa mgonjwa mwenyewe hayupo?"

Tulikaa kwenye viti. Mama alinishika mkono akaanza kusali. Milango ya ndani ilifunguka na kufungwa, wauguzi wakapita, hakuna aliyetuita. Babu alikuwa nyuma ya ukuta mmojawapo na sisi hatukuweza kufanya lolote. Nilitaka kulia, machozi yakagoma.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mwezi wa kwanza nilimpeleka Babu kliniki kwa sababu ya kikohozi. Karani aliuliza jina la mwisho la mzee. Nilijua kwamba Olvera ni la baba yake, ndilo la kuitwa, na Zepeda linalofuata ni la mama yake. Lakini nilikuwa nachelewa mpira, na kueleza ni kazi. Nikasema, "Zepeda." Olvera likabaki herufi moja tu katikati: Hilario O. Zepeda. Babu akaniuliza, "Umeandika Olvera, mwanangu?" Nikamjibu, "Ndiyo, Babu." Kadi ile aliitia mfukoni, akatembea nayo kila siku; bila shaka watu wa gari la wagonjwa waliisoma hiyo.

Kumwambia Mama niliogopa. Kunyamaza niliogopa zaidi.

"Mama," nikasema, "ni mimi. Nilimwandika Zepeda, nikamdanganya."

Mama aliinuka. Alinivuta hadi mapokezi. Kijana alipoandika Zepeda, akaruka kutoka kitini na kupiga simu ndani. Tukasubiri tena. Sijawahi kuona dakika ndefu namna ile.

Hatimaye alitoka nesi mmoja, Graciela Urrutia, jasho likimtoka. "Ni nimonia. Dripu ya penisilini ilikuwa imeshatundikwa," alimwambia Mama kwa lugha yetu. "Nimeitoa kabla haijafunguliwa."

Mama aliketi pale pale sakafuni.

Asubuhi Babu alikuwa ameegemea mito. Nilimweleza kila kitu, kichwa nimekiinamisha.

"Olvera ni baba yangu, Zepeda ni mama yangu," alisema polepole. "Hukujua lipi linatangulia?"

"Nilijua, Babu."

"Basi kosa kubwa si hilo la jina. Kosa ni ile 'ndiyo, Babu'. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, tutamtafuta mwingine. Mimi sisomi, mwanangu. Macho yangu ni wewe. Ukinidanganya, nimepofuka."

Nikalia, safari hii machozi yakaja yote. Babu akanyoosha mkono wenye utepe mpya wa hospitali.

"Haya, nisomee. Wameandikaje?"

"Hilario Olvera Zepeda."

"Kweli?"

"Kweli, Babu."

Alinitazama kidogo, halafu akamwita Nesi Graciela aje amsomee tena.