Kifurushi cha Watu Wawili

Soko la Mwigobero lilikuwa limefurika asubuhi ile. Debora alikuwa ameinama, gauni lake la kitenge amelikunja kwa mkono mmoja lisiguse maji ya samaki, mkono wa pili ukimwendea sato mnene. Mkono wa mwanamume ukafika hapo hapo.

"Dada, huyo nimemwona tangu akiwa ziwani."

"Basi ungemfuata huko huko."

Wauza samaki wakacheka. Debora akainua macho, akaona fulana yenye picha ya kapu.

"Hiyo fulana umeitoa wapi? Mimi niko Kapu. Naitwa Debora, wa Nyasho."

"Mungu wangu! Wewe ndiye unanisahihishiaga kazi kila wiki?"

"Isaya wa Bunda? Kumbe una ndevu!"

Kapu lilikuwa mkusanyiko wa programu za bure. Watu wa kujitolea waliziunganisha, wakazirekebisha, wakaziweka kwenye kompyuta kuukuu za shule. Debora alikuwa mwalimu wa kompyuta mjini Musoma, Isaya fundi kule Bunda. Kila programu waliiita kifurushi, na vifurushi vyote vilikuwa mali ya wote. Aliyeona tatizo ndiye aliyerekebisha.

Isaya ndiye aliyeanzisha kifurushi cha kuchapa karatasi. Tangu siku ile ya sato wakawa wanakitunza pamoja, na simu za jioni zikawa hazikatiki.

"Umekula, mwalimu wangu?"

"Nimekula, fundi wangu. Umemwambia mama kuhusu sisi?"

Hapo sauti ya Isaya ilipunguaga. Debora alikuwa Mkatoliki. Mama yake Isaya, Mama Wankyo wa Butiama, alikuwa Msabato wa kweli, na alitaka mkwe wa kanisani kwake. Debora alishamwambia baba yake pale Kitaji. Mzee alinuna siku mbili, kisha akauliza kijana atakuja lini. Akabaki mama yake Isaya.

"Tutamwambia, mpenzi," Isaya alisema. "Usiwe na wasiwasi."

Na Debora, kwa kuwa alipenda, aliridhika.

Kisha shule moja ya Butiama ikaandika kwenye kundi la Kapu kwamba mashine ya kuchapa inatoa karatasi nyeupe zisizo na maandishi, na mtihani umekaribia. Isaya akajibu, "Tunashughulikia." Debora akasoma, akashukuru kwamba Isaya amelishika. Isaya naye alijua Debora ndiye mwepesi wa kazi hizo, akalala. Asubuhi ya mtihani karatasi zikatoka nyeupe vile vile. Mwalimu Apolinary wa shule hiyo akaandika maswali yote ubaoni mpaka bega likamuuma, na watoto wa nyuma hawakuona kitu.

Wiki iliyofuata Kapu wakakutana Bunda. Apolinary hakugomba.

"Ndugu zangu, kuanzia leo kila kifurushi kina mtunzaji mmoja. Anajulikana, anaulizwa, akichoka anakabidhi kwa mwingine. Cha kuchapa ni cha nani?"

Isaya akatabasamu. "Tuandike wote wawili. Mimi na Debora ni kitu kimoja."

Ukumbi ukapiga vigelegele. Debora hakucheka.

"Mmoja, Isaya," Apolinary alisema.

Isaya akatazama dari. Debora akamsubiri, akamsubiri tena, kisha akasema, "Niandikeni mimi."

Nje, Isaya alikuwa ameshawasha pikipiki.

"Kile nilikianzisha mimi. Umeninyang'anya mbele za watu!"

"Ungesema 'mimi', ningefurahi kuliko wote."

"Unataka nionekane sifai."

"Isaya, watoto walikaa hawaoni ubao kwa sababu yetu."

Akaondoka. Simu ikazimwa. Debora akasali rozari kila jioni. Hakumwomba Mungu amrudishe Isaya, alimwomba amwonyeshe ukweli, halafu ampe nguvu ya kuubeba.

Siku moja simu ikaita.

"Nisamehe, mpenzi. Nilichukia kwa sababu ulikuwa na haki. Jumapili twende kwa mama. Nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Debora akalia, akacheka, akamwita malaika wake. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, akavaa gauni la waridi lenye kola nyeupe, wakaenda Butiama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu."

Mama Wankyo alikuwa mkarimu. Akaleta ugali wa udaga wa muhogo na kuku, akaomba baraka ya chakula kwa sala nzuri, na Debora akaitikia "Amina" kwa moyo wote.

"Isaya, mgeni wetu hujanijulisha."

Isaya akatazama sahani.

"Ni... mwenzangu wa kazi, mama. Hizi za kompyuta."

"Basi umekuja wakati mzuri, mwanangu! Nisaidie kumshauri. Kuna binti wa kanisani kwetu, nimeshaongea na wazazi wake. Huyu kila siku ananiambiaga subiri, mama, subiri. Wewe unaonaje?"

Debora akamtazama Isaya. Akampa muda. Isaya akamega ugali.

"Mama," Debora alisema taratibu, "muulize mwenyewe. Mimi siwezi kumjibia."

"Haya, Isaya?"

"Tutaongea, mama."

Debora akanawa mikono. Akashukuru, akapokea viazi vitamu alivyofungiwa kwenye mfuko, akaaga kwa adabu. Isaya akamkimbilia njiani.

"Nipe wiki moja, mpenzi wangu. Ni mama, unajua mama."

"Mama yako ni mtu mwema. Sina neno naye."

"Unaniacha kwa sababu ya neno moja?"

"Lilikuwa moja tu, Isaya, na hukuweza. Mungu akutunze."

Kutoka uani Mama Wankyo akapaza sauti: "Isaya! Umsindikize mgeni mpaka barabarani!"

"Ndiyo, mama!" Isaya akajibu upesi, kwa sauti kubwa iliyonyooka.

Debora akaisikia sauti ile, hakuwahi kujua kwamba Isaya anayo. Akamwinulia mkono abaki alipo, akaifuata barabara peke yake.