Nywele Zisizokauka

Mteja aliingia na nywele zikichuruzika maji, na nje hakukuwa na hata wingu.

Mwanza ilikuwa imekauka. Watu walikuwa wakitukanana kwenye foleni za maji, na mawe ya vilimani yalichoma mpaka jioni. Odeta, mwenye saluni pale Mirongo, alikuwa amevimba kwa hasira za joto tangu asubuhi. Alimkaribisha mwanamke yule kwa mdomo tu.

"Nikaushe," mteja alisema. "Nikikauka nitaondoka."

Safia, msusi mwenzake, alimsogelea Odeta. "Dada Odeta, huyu kaloa wapi?"

"Si ziwani? Washa drai, acha umbea."

Wakamkalisha chini ya drai. Harufu ya udongo uliolowa ikajaa chumbani, tamu kwanza, kisha ikageuka kuwa ya samaki waliooza. Upepo ukavamia kutoka ziwani, mchana ukawa giza, na mvua ikashuka juu ya bati kwa kishindo. Watu barabarani walishangilia, wengine wakicheza kabisa. Baada ya muda kelele zao zikageuka kuwa za kuitana.

Simu ya Odeta ikalia. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa chekechea, ng'ambo ya mto Mirongo, anakosoma Kija, mwanawe wa pekee. "Mama Kija, maji yameingia darasani! Watoto tumewapandisha mezani!"

Odeta akampigia kelele Luhende, kinyozi wa mlango wa pili, naye akatoka mbio kumfuata mtoto. Hapo umeme ukakatika. Mashine zote zikazimika, lakini mvumo wa drai ukaendelea. Safia akainua kofia ya drai taratibu, akarudi nyuma akishika mdomo. Mvumo ulikuwa unatoka kooni mwa yule mwanamke.

"Hujanikausha," alisema, akamkamata Odeta mkono kwa kiganja cha baridi ya kuuma, na maji yalikuwa yakimtoka kichwani bila kukoma, yakitambaa sakafuni, yakipita chini ya mlango na kujiunga na mafuriko ya nje, na kila nywele zilipomwaga zaidi ndivyo mvua ilivyozidi kupiga bati, mpaka Odeta akaelewa mafuriko yanayomfuata mwanawe yanatoka wapi, akanyakua mkasi na kuzikata nywele zile kwa fujo, shungi baada ya shungi.

Mvua ikakatika papo hapo.

"Nipe nywele zangu," mwanamke alisema.

Kila msusi anajua hilo. Mteja akidai nywele zake anapewa, hakuna anayetaka zibaki mikononi mwa mtu.

"Mpe, dada," Safia alinong'ona. "Mpe chake aende zake."

Lakini Odeta alikuwa amejaa chuki. Akafungua mlango, akazitupa mtaroni, maji yakazizoa. "Zifuate huko!"

Mwanamke akajipapasa kichwa. Hakupaza sauti. "Maji yangu umeyatupa. Basi nitakunywa kwa mwanao."

Akatoka, na barabarani hakuonekana tena.

Luhende akarudi na Kija mabegani. Kinyozi alikuwa ameloa mpaka kifuani. "Mpokee mwanao, Mama Kija. Mzima kabisa." Odeta akamkumbatia mtoto, akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha mikono yake ikasimama. Sare ya Kija ilikuwa kavu, na soksi pia.

"Mama, maji."

Akampa kikombe. Akampa jagi. Safia akasoma Ayatul Kursi mpaka sauti ikamkauka, na mtoto alikuwa ameshainamia ndoo, midomo imepasuka, ngozi ya mikono imesinyaa.

"Kunywa taratibu, mwanangu," Odeta alimsihi.

Kija akainua uso. Alikuwa analia, bila chozi.

"Mama, anayanywa yote yeye. Mwambie na mimi aniachie."